UZI: Mwenye shamba la mkonge kaondoka zamani, mbona kijiji bado ni "kwake"?

#1 Bikoni_Iliyopotea

Wakuu, salaam.

Kuna kijiji kimoja bara kidogo ya Lindi, ukifika Mnazi Mmoja unaacha lami. Jina naliweka pembeni kwa kuwa shauri lake bado liko mezani. Kilikuwa shamba la mkonge la familia moja ya kizungu, baba akafuatiwa na mtoto. Wameondoka kabla wengi humu hatujazaliwa. Korona, kile kiwanda cha kusindika majani ya mkonge, imebaki kuta, mitambo ilishakwenda na wanunuzi wa chuma chakavu.

Lakini kitongoji kikubwa bado kina jina lao. Watu wakigombania mpaka wanakwenda kutafuta "mkonge wa bwana" ndipo waseme huku ni kwetu, kule kwenu. Ukitaka kujenga, kabla ya mwenyekiti kuna wazee wa ukoo mmoja wa pale pale lazima waulizwe, na hawana cheo chochote serikalini. Halafu lile eneo la katikati, udongo mzuri kuliko wote, hakuna anayethubutu kupanda mti wa kudumu. Mihogo na ufuta tu, mwaka hadi mwaka.

Dai langu: huu ni woga wa kurithi. Karatasi za familia ile zilikufa na Azimio la Arusha 1967. Anayepinga aje.

#2 Ngonda_Kavu

Nimekaa siti ya mbele.

#3 HatiNaRamani

Napinga, na napingia kwenye sentensi yako ya mwisho.

Azimio halikuchana hati za mashamba. Mwaka 1967 serikali iliingia kwenye makampuni ya mkonge, mengine iliyachukua yote, mengine ikachukua hisa nyingi. Hayakuguswa yote. Mashamba kadhaa ya binafsi yalibaki kwa wenyewe, yakafa baadaye kwa sababu ya bei. Kwa hiyo kabla ya kusema "ilikufa 67", thibitisha kwamba shamba hilo lilikuwamo.

Pili, angalia umri wa karatasi. Ardhi nyingi aliyouza Mjerumani ilikuwa miliki isiyo na mwisho. Mwaka 1963 sheria iligeuza miliki zote za namna hiyo kuwa pango la serikali la miaka 99, na 1969 mapango hayo yakageuzwa kuwa haki ya kumiliki. Jumlisha 99 kwenye 1963, unapata 2062. Kama shamba lenu ni la kundi hilo na hati haijafutwa, karatasi bado inapumua. Zilizotolewa wakati wa Mwingereza zina muda wake, nyingine 33, nyingine 99. Hapo lazima usome hati yenyewe, stori za kijiweni hazitoshi.

#4 Ndala_Kushoto

2062! Kwa hiyo bwana anarudi? Tumtengee chai?

#5 Korona73

Mnaanza na karatasi, mimi naanza na maji.

Jani la mkonge likishakatwa haligojei. Likikaa zaidi ya siku moja au mbili linaanza kukauka, utomvu unagandia kwenye nyuzi, singa (ndizo hizo nyuzi) zinatoka na madoa na haziparuliki vizuri. Tena katika tani moja ya majani singa ni kama kilo 40 tu, asilimia 4 hivi. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Hakuna mwenye akili anayesomba mzigo wa namna hiyo mbali. Ndiyo maana karibu kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake katikati, na korona lazima ikae penye maji mengi ya kusafishia singa na kusukuma makapi.

Sasa chora ramani: korona mtoni, reli nyepesi za vitoroli zinatoka vitaluni kama njiti za mwavuli, zote zinaishia korona. Kambi za wafanyakazi zinakaa karibu na pampu. Shamba lilipokufa reli zikang'olewa, tuta likabaki, tuta likawa njia ya miguu, njia ikawa barabara ya bodaboda. Duka likafuata barabara, msikiti ukafuata duka, shule ikafuata watu. Bikoni, nenda kijijini kwako uhesabu barabara zinazopita kwenye yale magofu. Nina hakika hazipungui nne, na hakuna inayokwenda kijiji cha jirani moja kwa moja bila kupita hapo.

Kwa hiyo familia haijaacha woga. Imeacha mchoro, na mchoro haufutwi kwa azimio.

#6 Bikoni_Iliyopotea

#5 barabara ni tano. Na kweli ukitaka kwenda kijiji cha pili lazima uzunguke koronani. Sikuwahi kuliwaza hilo.

#7 Mzee_wa_Uraka

Mkonge si waliuleta Waarabu, pamoja na minazi? Wazungu walikuta tayari.

#8 Korona73

#7 hapana mzee wangu, shikamoo. Minazi ndiyo ya zamani pwani. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani, Dkt. Hindorf, miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa upande wa Pangani. Kusini umefika baada ya hapo.

#9 Ndala_Kushoto

62 tu halafu imetujazia pori lote. Hiyo kweli ilikuwa mbegu.

#10 MpwaMtu

Naona mnamtafuta mwenye nguvu aliyeondoka, wakati mwenye nguvu hakuondoka. Rudini #1: "wazee wa ukoo mmoja lazima waulizwe". Hao ndio familia yenyewe ya uzi huu. Mzungu kaacha jina tu.

Mwenye shamba hakuwa anagawa ardhi mwenyewe. Alikuwa na nyapara mkuu. Mfanyakazi akitaka kipande cha kulima chakula pembeni ya vitalu, au kwenye kitalu kilichopumzishwa, alimwendea nyapara. Nyapara alimwonyesha: kuanzia kisiki hiki hadi korongo lile, panda muhogo na mtama, usipande mti. Hakuna karatasi, kumbukumbu zote ziko kichwani mwake.

Halafu angalieni waliokuwa wanapewa. Mashamba ya kusini yalitegemea sana Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mtu wa kuja hana litawa (ukoo wa upande wa mama) pale, hana mjomba wa kumwonyesha ardhi. Mlango wake wa pekee ulikuwa nyapara. Shamba likafa, mwenye shamba akapanda meli, aliyebaki anajua nani aliwekwa wapi na kwa masharti gani ni ukoo wa nyapara. Hiyo ni masijala ya ardhi inayotembea kwa miguu.

Na kwa sisi tunaofuata upande wa mama, cheo hicho hakikwenda kwa mtoto wake. Kilikwenda kwa mpwa. Ndiyo maana utakuta mtoto wa nyapara aliyehamia Dar anarudi na mawakili kudai, wazee wanamsikiliza vizuri, wanamnywesha maji, kisha wanamwambia: nenda kwa wajomba zako.

#11 Chirambo

#10 umesema vizuri ila umeanzia katikati. Mzungu alimchagua nani kuwa nyapara? Mara nyingi alichukua mtu wa ukoo uliokuwa na neno mahali pale kabla yake, ili watu wamtii. Huku Makonde tunasema mkulungwa, mkubwa wa eneo, aliyefyeka kwanza. Mjerumani mwaka 1895 alitangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni ya dola yake, halafu akawauzia walowezi. Kwa macho ya wenyeji ilikuwa na mwenyewe muda wote.

Kwa hiyo ukoo huo haukupata nguvu kwa bwana, bwana ndiye aliazima nguvu kwao. Alipoondoka wamerudishiwa chao.

#12 MpwaMtu

#11 kwa baadhi ya mashamba sawa. Lakini mengine nyapara alikuwa mgeni kama manamba (vibarua wa mkataba) wengine, alipandishwa kwa kujua kuhesabu mafungu ya majani 30 bila kuibiwa. Usiwafanye wote wakulungwa. Tutaishia kila aliyeshika filimbi kuitwa chifu.

#13 Chirambo

Ndiyo maana nimesema "mara nyingi".

#14 HatiNaRamani

MpwaMtu, hiyo #10 yako ni nzuri kwa historia, lakini mbele ya baraza la ardhi inaweza kumwangusha mtu. Wengi wanasema "tumekaa zaidi ya miaka 12, ni yetu". Miaka 12 ni muda wa kufungua shauri la kudai ardhi, na ni kweli aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi bila kuulizwa muda huo wote anaweza kujitetea nao. Shida ni kwamba aliyeingia kwa ruhusa hahesabiwi hivyo. Ukija na wazee watatu wanaoapa "babu yetu alionyeshwa na nyapara kwa niaba ya bwana", umethibitisha mwenyewe kwamba ulikaribishwa. Ushahidi unaoleta heshima kijijini ndio unaokunyima ardhi barazani.

#15 Ngonda_Kavu

Aisee.

#16 Bikoni_Iliyopotea

#14 hapo umenikata maini. Na hao ndio mashahidi tuliowaandika.

#17 Mita_Mia_Tatu

Mimi niguse ule "mkonge wa bwana" wa kwenye mipaka, maana ni ushahidi dhaifu kuliko mnavyodhani.

Mkonge uliopandwa shambani unakaa mistari miwili miwili: mita 1 kati ya mistari pacha, njia ya mita 4, halafu sentimita 80 kati ya mche na mche. Hiyo ni miche 5,000 kwa hekta, kama 2,000 kwa eka. Unakatwa kwa miaka, mwisho unatoa mlingoti (bua refu la maua) na kufa. Mlingoti mmoja unadondosha miche midogo kwa mamia, na shina nalo linatoa machipukizi ubavuni. Shamba likiachwa miaka 40 au 50, ulionao leo ni vitukuu, na umetembea. Kwenye mteremko unashuka na maji. Mstari wa mpaka unaweza kuwa umesogea mita nyingi na hakuna mtu aliyeiba kitu.

Ukitaka mpaka wa kweli acha mkonge. Tafuta barabara za vitalu, zimenyooka sana na zina karavati za mawe. Tafuta miti iliyopandwa kwa nafasi sawa. Zaidi ya yote tafuta bikoni: chuma kimesimikwa kwenye zege, mara nyingi kimefukiwa chini kidogo ya udongo, kwenye kona.

Na hapa ndipo vijana wa simu wanapopotea. Wanachukua namba kwenye ramani ya zamani, wanaziingiza kwenye simu, wanakwenda porini, hawaoni bikoni, wanarudi wakisema imeng'olewa. Ramani nyingi za zamani zimepimwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Tofauti kwa huku kwetu ni kama mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Ziko za Mjerumani ambazo zina mfumo wake kabisa. Kwanza badilisha namba, kanda yetu ya ramani ni 37 kusini, ndipo uchukue jembe. Na uangalie vipimo vya ramani: ni futi au mita, eka au hekta? Kijiji kikiandika "eka 1,000" mahali palipoandikwa hekta 1,000, kimejipunja zaidi ya nusu, maana hekta 1,000 ni kama eka 2,470.

#18 Ndala_Kushoto

Kwa hiyo jina lako ndiyo maana yake hiyo. Nilidhani wewe ni mkimbiaji.

#19 Mzee_wa_Uraka

Hayo mapori ya mkonge yana sifa moja hamjaitaja. Ming'oko. Ardhi isiyolimwa miaka mingi, kichanga, ming'oko, vile viazi pori, inajaa. Familia ile na iheshimiwe kwa hilo.

#20 Ngonda_Kavu

Ming'oko, chai, na uzi huu. Endeleeni wakuu.

#21 MwanaNaliendele

Nijibu suala la miti ya kudumu maana limepitwa. Kwa nini mihogo na ufuta tu? Bikoni kasema woga. Naona kuna hesabu ndani yake.

Huku kwetu mti ni hoja. Mwenye mikorosho akibishana na mwenye maneno, mikorosho inashinda, hata kama ardhi chini yake ni ya mwingine. Ndiyo maana nyapara alikataza mti: mti unageuza mgeni kuwa mwenyeji. Wapwa zake wanaendelea na katazo lile lile leo, kwa sababu ile ile. Atakayepanda mikorosho katikati anatangaza vita na ukoo, wala si na mzungu.

Na hata asipopigwa vita, fikiria gharama. Mikorosho ni mita 12 kwa 12, karibu miche 70 kwa hekta, 28 kwa eka. Mwaka wa tatu ndiyo unaanza kuona chochote, mavuno ya maana ni baadaye. Ugonjwa wa ubwiriunga unataka salfa, gramu 250 kwa mti mkubwa kila raundi, unaanza maua yanapochanua, unarudia kila wiki mbili, hadi raundi tano. Ukikosa raundi ya kwanza au ya pili maua yanakauka na msimu umekwisha. Nani atatia fedha hiyo mahali ambapo wazee hawajasema ndiyo na hati haijasema hapana? Ufuta miezi mitatu na nusu, minne, umevuna umeondoka.

#22 Korona73

#21 halafu bado kisiki. Kukata majani ya mkonge hakutoshi, shina linachipua upya. Lazima uling'oe na kuligeuza mizizi juu likauke juani, kisha urudi miezi michache baadaye kung'oa machipukizi. Wakichoma moto peke yake wanachoma nyasi, mkonge unabaki unawacheka.

#23 Bi_Kisima

Mmetaja barabara, mti na karatasi. Pampu ameipitia Korona73 kwa sentensi moja. Kijijini kama hicho kisima cha kambi ndicho mara nyingi kinatoa maji Oktoba na Novemba wakati visima vya kuchimba kwa mkono vimekauka. Nani anashika ufunguo? Angalieni majina kwenye kamati ya maji, mlinganishe na ukoo wa #10. Mtu anaulizwa ruhusa ya kujenga na wazee hao kwa sababu wake zao na dada zao ndio watampokea au kumkataa kisimani. Wanaume mnabishana bikoni.

#24 MpwaMtu

#23 hapo nasalimu amri nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#25 HatiNaRamani

Bikoni, kwa kuwa umeandika mashahidi tayari, hizi ndizo njia.

Kwanza upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unapeleka namba ya shamba au namba ya hati, unalipia, unapewa taarifa: nani ameandikwa, muda umebaki kiasi gani, kuna rehani au zuio. Usishangae ukikuta rehani ya zamani, mashamba mengi yalikopewa. Rehani isiyofutwa inaongeza mtu mezani, maana benki au mrithi wake naye ana haki ya kusikilizwa.

Pili, kama hati ipo hai lakini shamba limetelekezwa, halmashauri inaweza kuanzisha ubatilisho kwa kuvunja masharti ya uendelezaji. Inatolewa notisi ya siku 90, maombi yanapanda hadi kwa Rais, maana ndiye anayefuta. Hapa vijiji vingi vinakwama kwa sababu notisi haikumfikia mmiliki kwa njia inayotakiwa. Anwani ni sanduku la posta la 1958, barua inarudi, mtu anaifungia kabatini na kusema tumeshatoa notisi. Miaka ikipita anajitokeza mrithi na wakili, mchakato unaanza upya.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza: hati ikifutwa, shamba HALIWI la kijiji siku hiyo. Linarudi kwa Rais kama ardhi ya jumla. Anaweza kugawia kijiji, mwekezaji, au nusu kwa nusu. Likitolewa kwa kijiji lazima lihaulishwe (lihamishwe kuwa ardhi ya kijiji) na kutangazwa, mipaka ipimwe upya, kijiji kipate cheti cha ardhi ya kijiji kinacholijumuisha, uwepo mpango wa matumizi, ndipo zianze hatimiliki za kimila. Kijiji kikigawa kabla ya hapo kinagawa kisicho chake, na zile hati zitaanguka.

#26 Chirambo

Mkitaka kujua kwa nini watu wana haraka sasa, angalieni Likong'o na mradi wa gesi. Tangu wathamini waanze kuzunguka upande ule, kila kipande cha ardhi karibu na Lindi kimepata wajomba wapya.

#27 MwanaNaliendele

#26 ndiyo. Na fidia inasoma kilicho juu ya ardhi na haki iliyo chini yake. Mwenye haki analipwa thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, makazi kwa miezi 36, usafiri wa tani 12. Aliyekalia kwa ruhusa ya nyapara ana mazao na nyumba ya kuonyesha, ila hoja ya ardhi yenyewe inakuwa ngumu. Na uthamini unadumu miaka miwili tu, ukipita bila kulipwa unarudiwa.

#28 Bikoni_Iliyopotea

Asanteni wakuu. Dai langu la #1 nalipunguza: 1967 naiondoa, woga naubakisha kidogo. Wiki hii tunakwenda kufanya upekuzi. Sasa swali dogo: namba ya shamba tunaipata wapi? Ofisi ya kijiji haina, kata haina, ramani ya ukutani imeliwa na mchwa kona ile ile.

#29 Mita_Mia_Tatu

Kwenye bikoni huwa kuna namba zimegongwa. Ukipata bikoni moja, ofisi ya upimaji inaweza kuitafuta ramani kwa hiyo.

#30 Bikoni_Iliyopotea

Na bikoni ziko wapi anajua nani?

#31 MpwaMtu

Wewe unajua anayejua.

#32 Bi_Kisima

Beba sukari kilo mbili na majani ya chai. Na uanzie kwa bibi, usianzie kwa wazee wa barazani.

#33 Ndala_Kushoto

Chai niliyotenga #4 ipo.